Tulishinda Mjadala kwa Nusu ya Hadithi

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala ambao nina hakika wengi wenu mnaukumbuka. Hoja ilikuwa: "Chama kimoja chenye nguvu huleta umoja kuliko vyama vingi." Mimi nilikuwa upande wa watetezi. Tukashinda! Tulipigiwa makofi hadi madirisha yakatetemeka, na wiki nzima iliyofuata nikawa naitwa "Mheshimiwa" hata kwenye foleni ya githeri. Leo nimeshika kalamu kukiri kwamba ushindi ule haukuwa wa haki, na mwenye kosa ni mimi.

Silaha yangu siku ile ilikuwa chama cha Baath cha Waarabu. Mpinzani wangu wa kwanza alidhani nasema "baadhi", akauliza baadhi ya nini, watu wakaangua kicheko, na tangu hapo usukani ukawa mikononi mwetu. Nilieleza kwamba neno hilo kwa Kiarabu ni ufufuo. Chama kilitaka kuwafufua Waarabu, ambao wengi wao walitawaliwa na Waturuki kwa karne nne, kisha wakagawanywa na Waingereza na Wafaransa kama mkate. Kaulimbiu yao ilikuwa Umoja, Uhuru, Ujamaa. Nilipoyatamka maneno hayo matatu kwa Kiswahili, yalisikika kana kwamba yalitungwa papa hapa Afrika Mashariki. Nadhani ndiyo yaliyotupa nusu ya kura.

Sikusema uongo. Naomba jambo hilo lieleweke. Niliyoyaeleza kuhusu mwanzo wa chama hicho nayaamini mpaka sasa, tena nayapenda. Chama kile hakikuanzishwa na majenerali wala matajiri, kilianzishwa na walimu wa shule ya sekondari! Michel Aflaq alikuwa mwalimu wa historia mjini Damascus, Mkristo wa Kiorthodoksi. Mwenzake, Salah al-Din al-Bitar, alikuwa Mwislamu wa Kisunni aliyefundisha hisabati na fizikia. Wote wawili walizaliwa mtaa mmoja, wakasoma chuo kikuu Paris, wakarudi kushika chaki. Mwaka 1942 waliacha kazi ya ualimu ili wafanye siasa, na wafuasi wao wa mwanzo walikuwa wanafunzi, watoto wa rika letu. Palikuwa na mwalimu wa tatu, Zaki al-Arsuzi, wa madhehebu ya Alawi, aliyetoka Alexandretta, jimbo ambalo Ufaransa iliiachia Uturuki mwaka 1939. Huyo hakupatana nao sana, lakini mawazo yao yalikuwa ya chungu kimoja.

Tarehe 7 Aprili 1947 chama kikazaliwa rasmi mjini Damascus, mwaka mmoja tu baada ya askari wa Ufaransa kuondoka Syria. Wazo lao lilikuwa kwamba Mwarabu ni Mwarabu kwa lugha na historia yake. Awe Mkristo, Msunni, Mshia au Mdruzi, hilo halikuwa kipimo cha uraia. Fikiria, ndugu msomaji, katika nchi ambayo Mfaransa alikuwa ameikatakata vipande kwa kufuata madhehebu, mtu anasimama na kusema hivyo. Si jambo dogo.

Hapo ndipo niliporuka. Kutoka 1947 nikatua miaka ya sabini moja kwa moja, kama kwamba kati ya hapo watu walikuwa wamelala. Nikasema Iraq chini ya Baath ilitaifisha mafuta yake mwaka 1972. Nikasema Syria ilijenga bwawa kubwa kwenye mto Euphrates. Nikamalizia na kampeni ya kufuta ujinga iliyoanzishwa Iraq mwezi Desemba 1978, ambapo watu wazima, wanawake kwa wanaume, walirudishwa darasani. Nyanya yangu alijifunza kusoma akiwa ngumbaru. Nilimtaja. Sauti ilinikwama kidogo, na sikuwa naigiza. Mchezo ukaisha.

Tulipokuwa tukitoka, msichana mmoja wa kidato cha pili akanishika mkono wa sweta. "Kaka, na wale walimu waliishia wapi?" Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba akasome vitabu. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikujua. Sisi wa kutwa tuna bahati moja: tukichelewa kidogo kwenye maktaba hakuna anayetupigia kengele ya prepu. Basi nikaanza kuchelewa. Na kadiri nilivyosoma ile miaka niliyoiruka, ndivyo nilivyotamani makofi yale yarudishwe yalikotoka.

Mapema miaka ya 1950 Baath waliungana na chama cha Akram al-Hawrani, mtu wa Hama aliyekuwa akiwapigania wakulima dhidi ya mabwana wa ardhi. Kwa hiyo walimu walileta wazo, yeye akaleta watu. Mwaka 1954, dikteta wa kijeshi alipokwisha kung'olewa, Syria ilifanya uchaguzi, na Baath wakapata viti 22 katika bunge la viti 142. Jameni, hicho ndicho kilele chao halisi! Hawakuibuka wa kwanza, lakini viti 22 vya watu waliowapenda wenyewe, bila bunduki, kwa chama cha miaka saba, ni mavuno ya kujivunia. Upande wetu siku ile haukutaja viti hivyo hata mara moja. Tungevitajaje? Vilipatikana katika vyama vingi.

Wangevumilia kidogo! Lakini wapi. Walikuwa na haraka ya umoja. Mwaka 1958 wakaisukuma Syria iungane na Misri ya Gamal Abdel Nasser ziwe nchi moja. Nasser alikubali kwa sharti kwamba vyama vyote vya Syria vivunjwe, Baath wakiwemo. Wakakubali! Wakafunga matawi yao kwa mikono yao wenyewe, wakidhani Nasser angewaachia waongoze. Hakuwaachia. Septemba 1961 maofisa wa Syria wakapindua, muungano ukavunjika, na Bitar, mmoja wa waliouomba, akatia sahihi tamko la kuukataa. Baadaye alijutia sahihi hiyo.

Wakati huohuo, maofisa vijana wa Syria waliokuwa wamepelekwa Misri walianzisha kamati ya siri ya kijeshi ndani ya chama ambacho rasmi hakikuwepo tena. Waasisi hawakuambiwa. Miongoni mwao walikuwa Salah Jadid na rubani mmoja kijana aitwaye Hafez al-Assad. Hapa niliacha kusoma, nikaenda zangu nyumbani kwa miguu, pesa za matatu zikiwa mfukoni. Nilikuwa nimekasirika kama mtu aliyeibiwa.

Mwaka 1963 chama "kikashika hatamu". Ndivyo nilivyosema kwenye mjadala, kwa sauti nzito, kana kwamba wananchi walijipanga foleni kupiga kura. Yalikuwa mapinduzi mawili ya kijeshi. La Iraq lilikuwa tarehe 8 Februari, ambapo waziri mkuu Abd al-Karim Qasim aliuawa na wakomunisti wakasakwa nyumba hadi nyumba, na kufikia Novemba Baath wenyewe wakawa wametimuliwa. La Syria lilikuwa tarehe 8 Machi. Bitar akafanywa waziri mkuu, lakini funguo za nyumba zilikuwa kambini. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Februari 1966, maofisa wale wale wakaipindua serikali ya chama chao na kuwafukuza waasisi.

Basi, dada yangu wa kidato cha pili, hivi ndivyo walimu walivyoishia. Aflaq alikimbia, na mwaka 1971 akahukumiwa kifo Syria hali yeye hayupo. Baghdad, ambako tawi la Iraq lilikuwa limerudi kwa mapinduzi mengine mwaka 1968, ilimpokea, ikampa cheo kikubwa kisicho na nguvu, na alipofariki Paris mwaka 1989 ikamzika kwa heshima zote. Bitar alipigwa risasi Paris mwezi Julai 1980. Alikuwa akiandika dhidi ya utawala wa Syria. Arsuzi, aliyekuwa amesahaulika, akatolewa mavumbini na watawala wapya wa Damascus, akatukuzwa kuwa ndiye mwasisi wa kweli. Watu walioapa umoja waligawana hata waasisi!

Na huo umoja wenyewe je? Tawi la Syria na tawi la Iraq, yenye jina moja, bendera zinazofanana na kaulimbiu ile ile, yalichukiana kuliko paka na panya. Iraq ilipopigana na Iran kuanzia 1980 hadi 1988, Syria ya Baath ilikaa upande wa Iran, nchi isiyo ya Kiarabu. Mwaka 1991 Syria ilipeleka askari wake katika majeshi yaliyoongozwa na Marekani dhidi ya Iraq. Chama kimoja chenye nguvu! Na ndani ya Iraq, Julai 1979, Saddam Hussein, siku chache baada ya kuwa rais, aliwakusanya viongozi wa chama ukumbini. Majina ya waliodaiwa kuwa wasaliti yakaanza kusomwa, wakatolewa nje mmoja baada ya mwingine, na 22 kati yao wakahukumiwa kuuawa. Idadi hiyo ilinirudisha kwenye vile viti vya 1954. Sikulala vizuri.

Najua mtaniuliza: na ngumbaru je? Hilo ndilo swali gumu, na sitaki kulikwepa. Mama wa Iraq aliyejua kusoma mwaka 1980 alijua kusoma kweli. Herufi hazina chama. Lakini kampeni ile ilikuwa ya sheria. Mtu asiyehudhuria aliweza kuadhibiwa. Na nchi iliyomfundisha kusoma haikumwachia gazeti hata moja la kuikosoa serikali. Nyanya yangu alipojua kusoma, kitu cha kwanza alichofanya ni kubishana na karani wa kiwanda cha chai juu ya kilo zilizoandikwa kwenye risiti yake. Alishinda, kilo zikasahihishwa. Nimejiuliza mara nyingi kama chini ya Saddam angethubutu.

Wapo pia wenzangu, wa pande zote mbili za dini hapa shuleni, ambao nilipowasimulia walitikisa kichwa wakasema: "Unaona? Siasa bila dini haiwezi." Hapo sikubaliani nao hata chembe. Kumweka Aflaq na Bitar meza moja hakukuwa kosa. Tatizo lilikuwa kwamba chama kilipoingia kambini, askari aliyemwogopa mwenzake alimtafuta wa kumwamini, akampata kwa ndugu na watu wa kwao. Iraq ikawa mikononi mwa jamaa wa Tikrit. Syria ikawa mali ya familia moja, kiasi kwamba Hafez al-Assad alipofariki mwezi Juni 2000, bunge lilibadilisha katiba siku hiyo hiyo, likashusha umri wa rais kutoka miaka 40 hadi 34. Kwa nini 34? Kwa sababu Bashar, mwanawe, alikuwa na miaka 34! Huo ni ukoo, si dini wala kukosa dini.

Kasoro moja ilikuwepo tangu mwanzo, na hapo nawalaumu walimu pia. Walisema nchi ni ya Waarabu wote. Mkurdi ambaye amezaliwa hapo, na lugha yake si Kiarabu, akae wapi? Jibu lao lilikuwa hafifu hata walipokuwa watu wa kalamu tu, na lilipofika mikononi mwa wenye bunduki likawa gesi ya sumu iliyomwagwa Halabja mwezi Machi 1988. Tena nawalaumu kwa sababu hawakuwa watoto. Walijua bunduki ni nini, wakafikiri ingewatii kwa kuwa wao ndio walioandika kitabu.

Mwaka 2003 Marekani ilipoiteka Iraq, Baath ilipigwa marufuku. Maelfu ya walimu wa shule walifutwa kazi kwa sababu walikuwa wanachama, na wengi wao walikuwa wamejiunga ili wapate hiyo kazi. Syria nayo, tarehe 8 Desemba 2024, Bashar al-Assad alikimbilia Urusi, na Januari 2025 chama kikavunjwa rasmi. Wazazi wetu, walioishi hapa Kenya chini ya sheria ya chama kimoja kuanzia 1982 hadi 1991, watajua kuwasimulia mengine kuliko mimi.

Nimemwomba mlezi wa chama chetu airudishe hoja ile ile muhula ujao. Amekubali, ila ameniambia nikae upande wa wapinzani na nisitaje nyanya. Yule msichana wa kidato cha pili ndiye atakayeongoza watetezi. Juzi nilimkuta maktabani. Alikuwa amelifunika daftari lake kwa kiwiko nisione.