Meseji Kwenye Kioo Kikubwa

Kwangu mimi mwezi ulianza na maumivu ya shingo, nusura uishie kwenye ndoa. Vuta kiti nikusimulie.

Kurasa nyingi unazosoma humu nazimalizia usiku nyumbani, kwenye meza ya chakula, watoto wakishalala. Nainamia laptopu yangu kama mtu anayechambua mchele, mpaka shingo ikagoma. Jumamosi moja mume wangu katoka zake kimya kimya, karudi mchana kabeba monita ya mtumba ya inchi 24 kutoka Kariakoo. "Mama, tumia hii, uache kuinama," kasema, kisha huyo, kaenda kuangalia mpira. Baba watoto maneno yake ni ya kuhesabu.

Basi, vituko vikaanza. Nyuma ya monita kulikuwa na matundu mawili: VGA, ile ya pini 15 iliyoanza mwaka 1987, na HDMI. Laptopu yangu ni zile nyembamba za siku hizi, ina USB-C tu, mbili. Tukachomeka adapta, tukachomeka waya wa HDMI, giza totoro. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyetufumbua macho. Kumbe si kila tundu la USB-C linapitisha picha! Mengine ni ya chaji na mafaili tu. Tafuta lenye alama ya Thunderbolt, ule mshale wa radi, au ya DisplayPort, herufi D yenye P ndani yake. Kama halina alama, soma maelezo ya modeli yako kabla hujatoa hela ya adapta. Tukahamia tundu la pili. Picha hiyo!

Tukiwa bado tunapiga makofi, meseji ikaibuka kwenye kona ya kioo, herufi kubwa kama za basi la mkoani. Ilitoka kwa shoga yangu: "Pole shosti. Mume asiyekuuliza hata umeshindaje, wa nini?"

Jamani, ardhi ingepasuka ningeingia. Shemeji kasema anakwenda kutazama maharage jikoni, wakati hata hayakuwa jikoni.

"Umemwambia hayo lini?" mume wangu akauliza.

"Jana usiku."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Chumbani. Umelala."

Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Ungeniamsha, mama."

Nilitaka kujitetea. Mwanamke lazima awe na mtu wa kumpumulia, na hilo bado naliamini. Lakini niliyomwandikia shoga yangu ni kwamba naishi kwenye nyumba yangu kama mpangaji, na maneno hayo mume wangu sijawahi kumwambia hata siku moja. Shoga alikuwa na nakala kamili ya ndoa yangu, mwenye ndoa hana hata ukurasa. Na mtu huyohuyo niliyekuwa namsema ndiye aliyeiona shingo yangu kabla sijafungua mdomo.

Hata hivyo usiku ule sikumung'unya maneno. Nilimshukuru kwa monita, nikamwambia pia kuwa monita haiulizi nimeshindaje. Naye kaniambia kwao hakuna aliyekuwa akiulizwa, baba yake alionyesha mapenzi kwa kurudi na kitu mkononi. Tuliongea mpaka saa nane usiku. Hatukumaliza yote, ila tulianza.

Sasa na wewe kama unataka kioo cha pili, yashike haya. Kwa anayetumia Windows, shikilia kitufe cha Windows ubonyeze P. Ukichagua kurudufu, vioo vyote vinaonyesha kitu kilekile, ndiyo yaliyonikuta. Ukichagua kupanua, kila kioo kinabeba mambo yake, kazi huku, vingine kule. Kwenye Mac nenda kwenye mipangilio ya skrini. Ukingo wa juu wa monita uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa, laa sivyo shingo itakuuma palepale. Sauti ikipotea usiite fundi: HDMI hubeba na sauti pia, kwa hiyo huenda imehamia kwenye monita isiyo na spika. Chagua spika za laptopu kwenye mipangilio ya sauti. Na kabla hujachomeka mbele za watu, zima taarifa za meseji. Hilo nimelilipia.

Shoga yangu bado ni shoga yangu, ila nimejiwekea sharti: linalomhusu baba watoto, yeye ndiye wa kwanza kulisikia. Naye anajitahidi. Juzi kanipigia simu ofisini saa nne asubuhi, "Mama, umeshindaje?" Siku yenyewe hata haijashinda! Nilicheka, halafu nikamjibu kwa kirefu.

Je, wewe kuna neno la nyumbani kwako ambalo rafiki analijua na mwenzako halijui? Anza nalo leo, kabla halijajitokeza lenyewe mbele ya shemeji.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.