Anemoni Hagandishwi, Anatulia Mwenyewe

Kwenye ukurasa huu tumezoea kuongelea wanaume wasiotulia, wanawake wasiotulia, na wengine wetu tunaosingizia kazi. Mwezi huu nimepata barua kuhusu kiumbe mwingine kabisa asiyetulia.

Dada mmoja wa hapa hapa Themi anasema mumewe ameweka tangi la maji ya chumvi sebuleni. Ndani kuna mawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na anemoni mmoja wa baharini. Tangu anemoni afike, wiki ya pili sasa, kila asubuhi anakutwa sehemu nyingine. Mara yuko kwenye kioo, mara chini ya jiwe, na siku moja alikutwa jirani kabisa na mdomo wa pampu. Baba mwenye nyumba amechoka. Amenunua gundi, anataka kumgandisha kwenye jiwe alilomchagulia yeye. Wameshagombana mara mbili.

Nilimjibu dada huyo kwa simu, kwa sababu gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi na gundi haisubiri. Jibu fupi: asimgandishe. Jibu refu ndilo hili, na linamfaa yeyote mwenye tangi au anayelitamani.

Kwanza tujuane naye. Anemoni anaonekana kama ua, lakini ni mnyama, ndugu wa matumbawe na yavuyavu. Hana mfupa, hana ubongo. Ana mdomo mmoja katikati, minyiri yenye sumu kuuzunguka, na chini kabisa ana unyayo. Huo unyayo ndio unaoshika jiwe, na ndio anaotembelea taratibu akitaka kuhama. Ndani ya nyama yake wanaishi viumbe wadogo jamii ya mwani, wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Kwa hiyo anemoni anatafuta vitu vitatu: mwanga wa kutosha, mkondo wa maji unaomfaa, na mahali salama pa kushika unyayo wake. Akitembea hajakosa adabu jamani. Anasema kwa njia pekee aliyonayo kwamba hapo alipo pana kitu kinamkera.

Na usimchukulie kama pambo la msimu. Huko Uskochi, mwaka 1828, mtaalamu wa viumbe John Dalyell aliokota anemoni mmoja ufukweni akamweka kwenye mtungi. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akarithiwa, akaendelea kuishi mpaka mwaka 1887. Yule hakuwa wa aina ya huku kwetu, lakini umeelewa ninachosema: unaweza kuwa unaleta nyumbani kiumbe atakayewazika nyote wawili, au atakayekufa ndani ya wiki tatu kwa sababu ya haraka zako.

Haya, anatulizwaje? Kwanza, tangi lenyewe litulie. Tangi jipya maji yake yanapanda na kushuka kila siku hata kama yanang'aa. Lipe miezi sita, ikiwezekana mwaka, likiwa na mawe na samaki wachache, ndipo ulete anemoni. Chumvi iwe kama gramu 35 kwa lita, joto kati ya nyuzi 25 na 27, na vipimo hivyo visiyumbe. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Wengi wanaongeza maji ya chumvi, halafu wanashangaa mgeni anazunguka usiku kucha.

Pili, ijue aina yake. Yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama vitufe hupenda kuchomeka unyayo ndani ya ufa wa jiwe, kisha akatandaza minyiri nje kwenye mwanga. Anemoni zulia, aliye bapa, wapo wanaotaka kuchimba mchangani. Na yule mkubwa mwenye kiwiliwili cha rangi kali hupanda juu ya jiwe lililo wazi, penye mwanga na mkondo wa nguvu. Wote wapo kwenye pwani yetu. Muulize muuzaji anakuuzia yupi, na kama hajui, usinunue.

Tatu, siku ya kumpokea, mzoeshe kwanza maji ya tangi lako taratibu, kisha zima pampu kwa muda. Mweke unyayo karibu na mahali unapodhani patamfaa, halafu ondoa mkono. Akishashika, washa mkondo kidogo kidogo. Pampu zote zifunikwe kwa sponji au wavu kabla hajafika, maana anemoni akinyonywa na pampu anakatika vipande vipande, na uozo wake unaweza kuua tangi zima kwa usiku mmoja. Kabla ya kununua gundi, shemeji yangu angenunua sponji.

Nne, msome. Akipanda kuelekea taa, mwanga haumtoshi. Akijificha siku nzima, huenda taa ni kali mno kwake. Ipunguze, kisha iongeze kwa wiki kadhaa. Akisinyaa mara moja moja usiogope, anatoa uchafu na kuvuta maji mapya. Lakini mdomo ukiwa umeachama muda mrefu, minyiri imepoteza kunata na rangi inageuka nyeupe, huyo anaumwa. Angalia maji upesi. Na akianza kuyeyuka na kunuka, mtoe mara moja.

Tano, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, muache. Usimvute. Unyayo ukichanika, jeraha hilo mara nyingi ndilo linalomuua. Gundi nayo haishiki nyama inayoteleza. Yeye atajibandua tu, akiacha ngozi yake nyuma. Ukilazimika kumhamisha, hamisha jiwe zima alilolishika. Akiwa amekaa pabaya, mwelekezee mkondo kidogo au mtie kivuli, aamue mwenyewe kuondoka. Akishatulia, usipange tena mawe upya kwa kuwa mmepata wageni. Ndipo umlishe kipande kidogo cha kamba, saizi ya ukucha, mara moja au mbili kwa wiki.

Sisi wa Arusha tuna mitihani yetu. Tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai sebule yako si pwani. Hita na kipimajoto si anasa. Maji yetu ya chini ya Mlima Meru mengi yana floridi nyingi, ile ile iliyotutia kahawia menoni, kwa hiyo maji ya kuchanganyia chumvi yapitishwe kwenye mtambo mzuri wa kuchuja. Umeme nao ukikatika, uwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Na dawa za samaki zenye shaba zisikaribie tangi hilo, zitamponya samaki na kumuua anemoni.

Najua mtaniuliza kuhusu wale samaki, tuliowapenda tangu filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Samaki hao wote huanza maisha wakiwa madume. Kwenye anemoni, mkubwa kuliko wote ndiye mke na anayemfuata ndiye mume. Mke akifa, mume anageuka jike na ndoa inaendelea. Baharini wanamlinda anemoni dhidi ya samaki wanaomla, naye anawaficha. Lakini kwenye tangi wanaweza kuishi vizuri bila yeye, tena wakiwa wakubwa wanaweza kumsumbua mgeni ambaye hajashika vizuri. Kwa hiyo usimnunue anemoni kwa kuwahurumia samaki.

Wala usimtume mtu akakung'olee mmoja huko Tanga au Mafia. Sheria ya hifadhi za bahari ipo tangu mwaka 1994, na ndani ya hifadhi huchukui kiumbe bila kibali. Miamba yetu imeshaumia vya kutosha. Joto la bahari la mwaka 1998 liliacha matumbawe mengi meupe, na anemoni nao hupauka maji yakizidi joto.

Kwa hiyo kaeni chini, mume na mke, mpige hesabu kabla ya kuleta kiumbe huyu: umeme, chumvi, vipimo, na nani atabaki nyumbani mkienda kula Krismasi kijijini. Hesabu ikigoma, bakini na samaki peke yao. Hiyo pesa ipelekeni Chumbe, kule Zanzibar, mkavae miwani ya kuzamia na kuwatazama anemoni waliotulia bila kubembelezwa na mtu.

Na wewe dada wa Themi, mwambie shemeji atoe gundi kwenye kabati la tangi. Mwezi mmoja bila kugusa kitu, halafu uniandikie.

Tukutane mwezi ujao.