Miguu ya Kijana Isinadiwe

Wapo wanaodai kwamba mwanafunzi wa sekondari akishang'ara katika mbio ndefu pale Uwanja wa Kambarage, Shinyanga, basi chuo chochote cha Marekani kikimwita na aende upesi. Hiyo ni kasumba, na hatuna budi kuipinga.

Watamtaja Suleiman Nyambui. Naam, akiwa El Paso, Texas, alitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mwaka 1980 akanyakua nishani ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow. Lakini Nyambui alikwenda akiwa mtu mzima, aliyekwisha kufundisha shule. Mtoto wa miaka 18 hana ngao hiyo.

Ufadhili wa huko mara nyingi huhuishwa mwaka hadi mwaka. Kuna mbio za nyika, za ukumbini, kisha za uwanjani. Mkufunzi mwenye uchu wa pointi aweza kumkimbiza kijana mpaka mfupa upasuke. Hapo nani atalipa karo? Wazazi wadai jibu kwa maandishi kabla ya kutia sahihi. Waulize pia wakimbiaji wangapi waliotangulia wamehitimu, na kwa shahada ipi. Chuo kitakachonyamaza kisipewe mtoto wetu, hata kikimvika viatu vya dhahabu.