Tusichanganye chanzo na matokeo

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*



Katika kikao kilichopita ilielezwa kwamba mahudhurio yameshuka kwa sababu wengi wanadaiwa ada na wanaona aibu kuja. Likatolewa pendekezo la kusoma hadharani majina ya wadaiwa. Sisi wa uenezi tunalipinga.

Tumepitia daftari la mahudhurio na la ada, mwezi kwa mwezi. Mahudhurio ndiyo yaliyoanza kushuka. Ada ilishuka miezi miwili baadaye. Matokeo hayatangulii chanzo chake. Ada zetu hukusanywa mkutanoni. Mtu asipokuja, halipi. Deni limetokana na utoro, si utoro kutokana na deni.

Basi kwa nini waliacha kuja? Mwezi ule tulihamisha mkutano kutoka Jumapili alasiri kwenda Jumamosi asubuhi. Tukauliza: nani hayupo, na nani bado anakuja? Wasiokuja wengi ni mama lishe, bodaboda na wenye meza sokoni. Wastaafu wanaendelea kuja, hata wanaodaiwa.

Swali hilo si jipya. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu Soho, London. Wengi walilaumu hewa chafu. Daktari John Snow akatazama waliougua na walionusurika. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani walivuta hewa ileile, lakini hawakunywa maji ya pampu ya Broad Street, wakanusurika. Hilo likaimarisha hoja yake kwamba wa kulaumiwa ni maji.

Hatusemi tumeshapata jibu la mwisho. Huenda wapo waliokata tamaa kwa sababu nyingine. Ndiyo maana tunapendekeza kwa Kamati ya Tawi:

1. Mkutano urudi Jumapili alasiri kwa miezi mitatu, tuhesabu mahudhurio.
2. Mabalozi wawatembelee wasiokuja na kuwauliza sababu, bila kuwadai.
3. Majina ya wadaiwa yasisomwe.

Tukimwaibisha mama lishe kwa deni lililotokana na ratiba yetu wenyewe, hatarudi, na uchaguzi ukifika tutakosa hata wa kusimamia kura.

Mwenye hoja tofauti aje nayo kikaoni. Tutamsikiliza.

Umoja na kazi.

*Idara ya Uenezi, Tawi*