Mwalimu wa Hesabu Naye Aingie Karakana

Wenzangu wa ualimu wakiniuliza mashine za CNC zinanihusu nini, jibu langu ni fupi: majira ya nukta. Ile mada tuliyokariri tangu shule ya msingi, X na Y, ndiyo lugha ya mashine hizi. Ukiandika G01 X50 Y30 F200, umeiambia mashine ikate kwa mstari ulionyooka mpaka nukta ya 50 na 30, kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika. Basi. Hesabu ileile, ila imevaa ovaroli.

Nazungumzia mashine kubwa hasa, si zile za kuchonga funguo mtaani. Zipo za kukereza zenye meza inayozunguka ikiwa imebeba chuma cha makumi ya tani: magurudumu ya turbini, gia za vinu vya saruji. Chuma cha mita 5 kikiongezeka joto kwa nyuzi 10 tu, kinarefuka kwa takriban milimita 0.6. Utasema ni kidogo. Lakini kazi yenyewe mara nyingi inadai usahihi wa sehemu ya mia ya milimita, kwa hiyo fundi anayepima chuma kikiwa bado cha moto anaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Jamani, si mfano bora wa kutanuka kwa chuma kuliko ule wa reli tunaorudia kila mwaka mpaka wanafunzi wanasinzia?

Sasa, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, megawati 235 kila mmoja. Imetoka nje. Sisemi tungeweza kuitengeneza hapa, tusidanganyane. Nauliza tu nani atachonga kipuri kikichakaa miaka 20 ijayo. Huenda ni mtoto aliye kidato cha pili leo, kwenye mkondo wa amali ulioletwa na Sera ya Elimu toleo la 2023. Walimu wake ni sisi, na tunamaliza miaka mitatu ya shahada bila hata saa moja ya karakana!

Najua jibu la wakubwa: mashine ni ghali. Kweli, shule ya kata haitaipata. Lakini maelekezo yanayoiendesha ni maandishi tu. Karatasi ya grafu, penseli, mwanafunzi mmoja anasoma mistari, mwenzake anachora njia ya kisu. Zipo pia programu za bure za kuigiza mashine kwenye laptopu. Rafiki zangu wa uhandisi wanabisha kwamba bila kusikia kisu kikilia kwenye chuma hujajifunza kitu. Hapo wana hoja, ndiyo maana naitaka karakana yao, ambayo kila Jumamosi ina kufuli mlangoni. Tupeni ufunguo na fundi wa zamu, na saa hizo zihesabiwe kwenye mazoezi ya kufundisha.

Serikali ya wanafunzi ilipeleke ombi hili kabla ratiba ya muhula ujao haijapangwa. Jumamosi ya kwanza mimi nipo, hata kwa ovaroli ya kuazima.