Luiche Haimo Katika Makisio

Halmashauri ya mji inapokaa kupitisha makisio ya mapato na matumizi, huhesabu ushuru wa soko, leseni za biashara, mafuta ya magari na ukarabati wa madarasa. Hakuna kifungu cha kilima. Wala hakuna kifungu cha mto. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayesimama kuliuliza, na hapo ndipo lilipo kosa.

Uchukuliwe mfano wa bonde la Luiche. Mto huo huteremka kutoka vilima vya mashariki, hupita upande wa Kidahwe, pale barabara itokayo Kigoma inapogawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika kusini ya Ujiji. Miombo ya vilima hivyo ni mfanyakazi asiye na mshahara. Huivunja nguvu mvua ya masika, huyaacha maji yapenye ardhini polepole, na huushika udongo usiondoke. Udongo ukibaki juu, mkulima wa mahindi ana shamba. Ukiteremka, safari yake huishia ziwani.

Na ziwa ndilo ghala la mji. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,127,930 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,470,967. Wengi wao kitoweo chao ni dagaa na migebuka, na maji ya bomba ya Kigoma mjini husukumwa kutoka ziwa hilo hilo. Matope yakiingia, hufunika mawe ya mwambao ambako samaki wengi hutaga na ambako ukoga wanaoula huota. Maji machafu nayo hudai dawa nyingi zaidi ya kuyasafisha, na dawa hununuliwa kwa fedha. Kwa hiyo mti unaoanguka Kidahwe huandika ankara, na mlipaji wake yuko Mwanga na Gungu, pengine bila kujua anadaiwa nini.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika ziwa hili upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Uamuzi ule ulikuwa na sababu. Lakini gharama yake ilimwangukia mvuvi na mama muuza dagaa, ilhali matope ya mito hayakufungiwa hata siku moja.

Wapo wanaodhani dawa ni kupiga marufuku ukataji miti na kumkamata mchoma mkaa. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa ofisini. Mtumishi anayetia sahihi katazo hilo saa nne asubuhi, saa saba hula wali uliopikwa kwa mkaa. Mkulima wa Kidahwe hauzi gunia kwa kuuchukia msitu; anauza kwa kuwa gunia lina bei na msitu uliosimama hauna.

Bei hiyo inaweza kuwekwa, na hapa nchini imekwisha jaribiwa. Kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango katika milima ya Uluguru, yaliko machimbuko ya Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti mashambani mwao, na DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji jijini wakati huo, ilikuwa miongoni mwa wachangiaji. Malipo hayakuwa makubwa. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mtumiaji wa maji alimtambua mlinzi wa maji kuwa ni mwenzake katika uzalishaji, si mhalifu wa kufukuzwa mlimani.

Kigoma haihitaji kungoja wafadhili ili kuanza. Sehemu ndogo ya ankara za maji, pamoja na sehemu ya ushuru wa samaki na mkaa, yaweza kutengwa kwa ajili ya vijiji vya juu ya Luiche. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji madaraka ya kusimamia ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe. Wa kutia sahihi upande wa Kidahwe, basi, yupo. Anayekosekana ni wa upande wa mjini.