Fungua Tukiona: Ilani ya Wenye Simu wa Rungwe

Sisi watu wa wilaya ya Rungwe, wachuma chai wa Katumba, wauza ndizi wa Kiwira, wakulima wa viazi wa Isongole, wafugaji, walimu, wauguzi, bodaboda wa stendi ya Tukuyu, na mafundi simu wenyewe, tumekubaliana kuanzisha umoja wa kulinda simu zetu, yaliyomo ndani yake na ujuzi wa mikono inayozitengeneza. Hapa tunasema kwa nini, tunakataa nini, na tunajitwika nini.

Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, fedha zetu zimehamia kwenye laini. Mnunuzi wa ndizi aliyeko Dar es Salaam anatuma hela ya mzigo kabla Fuso haijapakia. Ada ya mtoto inakwenda kwa simu, mchango wa msiba unakuja kwa simu. Mwaka 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole, na laini ikafungwa pamoja na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Mtu akitapeli kwa laini iliyosajiliwa kwa kidole chako, mlango wa kwanza kugongwa ni wako. Kwa hiyo anayeshika simu ya mtu ameshika akiba yake, jina lake, na ndugu zake wote walioandikwa humo. Na simu hiyo hiyo ndiyo tunayoiacha mezani kwa fundi asubuhi, namba ya siri tumeiandika kwenye kipande cha boksi, tunaambiwa tupite jioni.

Tunasema basi. Neno la kwanza la umoja huu ni hili: fungua tukiona.

Hatuwashuku mafundi. Wamo kati yetu, na ndio waliotusukuma kuliandika hili, kwa sababu fundi mwaminifu ndiye anayeumia zaidi fundi mwingine anapochota picha za binti wa watu na kuzisambaza. Binti huyo hakupoteza simu. Alikwenda tu kubadilisha kioo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa yake, na kupewa simu uitengeneze si ruhusa ya kuingia kwenye picha zake.

Kioo, betri, spika na sistimu chaji vinabadilishwa bila fundi kujua namba ya siri ya fedha. Hakuna tatizo la simu, hata moja, linalohitaji namba hiyo. Mwenye simu atoe laini na memori kadi, aziweke mfukoni, ndipo simu iwekwe mezani. Simu za Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha picha na ujumbe wakati fundi anaijaribu. Aliye nayo aiwashe. Ikibidi simu ilale dukani, tupige *#06#, zitokee zile tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, fundi aziandike kwenye daftari na mteja abaki na karatasi yenye namba hizo hizo. Hapo hakuna simu itakayobadilishwa na nyingine usiku, na fundi naye hatasingiziwa.

Neno la pili linahusu kidole. Wengi wetu tumesajiliwa laini chini ya mwavuli, na kijana tusiyemjua. Mama anaweka kidole, kijana anatazama kifaa chake, anasema: "Haijasoma, mama, weka tena." Mama anaweka tena. Mara nyingine ni kweli haikusoma, maana vidole vya mchuma chai vimelika. Mara nyingine ilisoma tangu mwanzo, na kile kidole cha pili kimesajili laini ambayo mama hataiona maisha yake yote, laini itakayotumika kuwapigia watu simu ya "mwanao ameanguka shuleni, tuma hela ya hospitali haraka". Dawa ya kujua ni *106#. Inaonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kila nyumba ya Rungwe ipige namba hiyo, na kila laini ngeni ipelekwe kwenye duka la mtandao husika ifutwe. Ujumbe wa kitapeli tusiufute kimya kimya. Tuutume 15040 pamoja na namba iliyoutuma, ili mitandao iifungie.

Tunakataa pia mikopo inayolipwa kwa aibu. Programu inakuahidi fedha ndani ya dakika chache, lakini kabla ya kukukopesha inaomba kusoma orodha ya majina yako yote. Ukichelewa kulipa, ujumbe unakwenda kwa mchungaji, kwa mkwe, kwa mwalimu mkuu: fulani ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Lakini zikifungwa hizi zinazaliwa nyingine kwa jina jingine, kwa hiyo kinga iko kwenye mipangilio ya simu, mahali palipoandikwa ruhusa. Tochi haihitaji majina ya ndugu zako. Kikokotoo hakihitaji kujua ulipo. Ruhusa isiyo na sababu tuizime leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatupa haki ya kujua nani ana taarifa zetu na anazifanyia nini, na Tume ya kupokea malalamiko ilizinduliwa Aprili 2024. Tunadai Tume hiyo ifike Tukuyu, ikae na watu sokoni, izungumze Kiswahili cha kawaida, isiishie kwenye semina za mahotelini.

Sasa matengenezo. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, na maji yanaua simu zetu kuliko kitu kingine chochote. Simu ikilowa, izimwe papo hapo. Isiwekwe kwenye chaji kuona kama bado inawaka, kwa sababu umeme ukikutana na maji ndipo bodi inapoungua. Isizikwe kwenye mchele, hata uwe wa Kyela. Mchele hauyafikii maji yaliyojificha chini ya vifuniko vya bati kwenye bodi, na siku mbili simu inazolala humo ndizo siku ambazo kutu inakula shaba. Ipelekwe kwa fundi siku ile ile aifungue, aisafishe kwa spiriti na brashi laini, aikaushe.

Simu isiyopeleka chaji mara nyingi haijafa. Izime, isogeze kwenye mwanga, chungulia tundu la chaji: utaona nyuzi za mfukoni na vumbi la barabarani vimeshindiliwa hadi vimekuwa kama kitambaa, na waya haufiki mwisho. Kijiti cha mti cha kuchokolea meno, kikipitishwa taratibu pembeni, kinatoa uchafu wote. Sindano hapana, inavunja pini. Fundi mwema atakufanyia hivyo kabla ya kutaja bei ya sistimu chaji mpya, na umoja huu utawataja kwa sifa mafundi wa namna hiyo.

Betri ikivimba hadi mgongo wa simu unainuka, tusiibonyeze wala kuitoboa. Inaweza kuwaka moto. Wala isitupwe kwenye mto Kiwira, maji yale yanaingia Ziwa Nyasa na watu wa Kyela wanakula samaki wake. Tunaitaka halmashauri iweke mahali pamoja pa kukusanyia betri na simu mbovu.

Kobalti ya betri nyingi inatoka Kolwezi, Kongo, inachimbwa na watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na malori yenye madini hayo yanapita Tunduma na Uyole kwenda bandarini. Kitu kilichochimbwa kwa jasho la namna hiyo hakistahili kutupwa kwa sababu kioo kimepasuka. Kule Ulaya, tangu 20 Juni 2025, kanuni zinamtaka mtengenezaji wa simu janja ahakikishe vipuri muhimu vinapatikana miaka 7 baada ya kuacha kuuza aina hiyo. Tunadai serikali yetu iwabane wauzaji vivyo hivyo, ili fundi wa Tukuyu apate betri halisi ya Tecno au itel bila kubahatisha. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ambayo tayari inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, iwafikie mafundi simu wa Rungwe, iwapime, iwape vyeti.

Kujiunga hakuna kiingilio. Fundi anaahidi kufungua mbele ya mteja na kuandika IMEI. Mteja anaahidi kulipa kazi ya fundi bila kumzungusha, na kumsubiri afanye kwa utulivu. Na kila mmoja wetu, kabla ya mwezi kwisha, anakwenda kwa mzee mmoja asiyesoma, anamwamkia, anakaa naye, anapiga *106# kwenye simu yake na kumsomea kwa sauti kila namba iliyotokea.